Beringi za Rola

Fundi Masikio alipata jina hilo kwa tabia yake. Akifika kwenye mashine hasemi na mtu. Huweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, akasikiliza. Wenzake walimtania kwamba hata sufuria ya mkewe huipima hivyo kabla ya kula.

Kiwanda kilikuwa cha mbao, mali ya kaka yake. Kaka alitafuta wateja, mdogo akashughulika na mashine. Walipofunga msumeno mkubwa zaidi, Masikio alimwita kaka yake pembeni.

"Hizi beringi za gololi hazitufai tena. Gololi inagusa chuma kwa kidoa tu. Magogo ni mazito, halafu mkanda unavuta shafti ya msumeno upande. Tutie za rola, vijiti vyake vya chuma vinalala kwa urefu wote, mzigo unagawanyika."

"Kwani vipimo si vilevile?"

"Vipimo ndiyo, kaka. Kazi siyo."

"Za rola mpaka ziagizwe, wiki mbili. Wateja wamenikaba. Tia hizi, mdogo wangu, tutabadilisha zikija."

Masikio alibishana naye tangu utotoni na hakuwahi kumshinda. Akazitia.

Siku ya tisa alisikia mlio mwembamba chini ya meza ya msumeno. Alikimbilia swichi, hakuwahi. Beringi ilikwama, shafti ikakatika, puli, gurudumu la mkanda, ikang'oka na kumpiga kifuani kaka yake aliyekuwa akikagua mbao. Alikata roho garini, njiani kwenda hospitali, kichwa kikiwa mapajani mwa mdogo wake.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kutawanyika, shemeji yake, mjane wa kaka, alimwita sebuleni.

"Wafanyakazi wanasema ulijua zile beringi hazifai."

Angeweza kusema aliyeamua ni marehemu.

"Nilijua."

"Na ukazifunga kwa mikono yako."

"Nilizifunga."

Shemeji aliinuka, akaenda jikoni. Maji ya bomba yakasikika yakitiririka muda mrefu.

Beringi za rola zilifika wiki hiyohiyo. Masikio alizifunga kwenye shafti mpya, akawasha mashine. Shafti ikazunguka laini, bila mtikisiko wowote. Akaketi juu ya gogo akalia, hadi wafanyakazi wakatoka nje mmoja mmoja.

Kiwanda sasa kinaendeshwa na shemeji. Akiwa na shida na mashine humtuma karani. Wakikutana mlangoni humwita "fundi", kama wanavyomwita wateja, naye huitikia na kumpisha apite.