Marehemu wa Ukurasa wa Nne

Mwezi uliopita alinipigia simu binti mmoja anayesoma chuo Dar es Salaam. Anaandika historia ya gazeti letu la filamu, lile lililokuwa likienda nchi nzima, na aliambiwa kwamba mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wake wa Korogwe na Handeni. Nikampa alichotaka: jinsi mabunda yalivyoshushwa stendi kutoka kwenye basi la Dar, jinsi yalivyogombewa, na jinsi lilivyokufa watu walipoanza kutazama kila kitu kwenye simu. Nikamwambia matoleo yote ninayo kwenye sanduku la bati, isipokuwa moja. Akauliza lilipotelea wapi. Nikamwambia lililiwa na mchwa. Nilimdanganya. Nililichoma mwenyewe nyuma ya jiko.

Pale ofisini kulikuwa na sheria moja: usiandike "anaigiza". Picha ya filamu iandikwe kama habari ya kweli. Mke akipigwa kwenye filamu, sisi tunaandika amepigwa. Msomaji alie kwanza, alisema mhariri, mengine atayajua akinunua filamu. Watu wa mjini walishauzoea mchezo huo. Watu wa kwetu wanasomaje, hilo sikujiuliza.

Siku moja wakaja watu wa filamu Mkumbara, kijijini kwetu, wapate milima nyuma ya picha. Walihitaji msiba. Wa kulia walipatikana haraka. Kina mama wa kwetu walilia hadi mwenye kamera akafuta macho. Wa kulala ndani ya sanda hakupatikana hata mmoja. Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja alitusikiliza hadi mwisho, akasema, "Mkalaze mbuzi," akafunga mlango.

Nilikuwa nimeshamwahidi mhariri picha ya msiba huo. Nikaenda kwa baba. Alikuwa amekata mkonge tangu ujana, mgongo umepinda, na alichokipenda sasa ni chai ya asubuhi kibarazani, akitazama magari ya Moshi yakipita.

"Ndiyo kazi yako hii?" aliniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Usipompata mtu, watakufukuza?"

Nikasema watanifukuza. Haikuwa kweli. Baba akavua kofia yake, akanipa nimshikie.

Alilala ndani ya sanda tangu asubuhi hadi alasiri. Ombi lake lilikuwa moja tu, asiwekwe pamba puani. Picha nilipiga mimi. Maneno ya chini yake niliandika mimi pia, kwa sheria ileile: mzee wa Mkumbara amelala usingizi wa milele, wanawe wamebaki wapweke. Ikatoka ukurasa wa nne, kubwa.

Baba alikuwa na dada mmoja tu, wa tumbo moja, ameolewa Handeni. Shangazi hajui kusoma. Binti wa jirani yake alilinunua gazeti, akaitambua sura, akamsomea. Simu pekee ya pale ilikuwa ya mwenye duka, na siku hiyo haikuwa na chaji. Shangazi akapanda basi la kwanza na majirani wawili, wamebeba unga na maharage ya matanga.

Aliposhuka tu barabarani alianza kulia. Kanga kiunoni, mikono kichwani, anamwita kaka yake kwa jina la utotoni ambalo hata mimi sikuwa nalijua. Watu wakatoka nje. Baba alikuwa kibarazani na muhogo wake wa kuchemsha. Akasimama, kikombe mkononi.

Akacheka mmoja, kisha wote. Na mimi nilicheka, tena sana. Shangazi aliketi chini palepale, unga ukamwagika. Baba alimwendea akamwinua. Shangazi akampapasa kaka yake uso, masikio, mabega, kisha akatugeukia sisi tuliokuwa tunacheka, akatutazama mmoja mmoja. Alirudi Handeni siku hiyohiyo bila kula.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye haya. Lakini nilikuwa na ukurasa wa kujaza. Nikaandika: "Mfiwa amkuta marehemu akinywa chai." Wasomaji wakaipenda, barua zikamiminika, mhariri akanisifu. Na hiyo pia yule binti wa jirani alimsomea shangazi. Ujumbe wake niliupata kwa kondakta: "Mwambie mwanangu, siku baba yake akifa kweli, asiniite."

Baba hakunigombeza. Ila tangu hapo chai ya asubuhi aliinywea ndani.

Alikufa miaka kadhaa baadaye, wakati wa masika, kwa kifua, mara tu baada ya adhana ya alfajiri. Gazeti nalo lilikuwa limeshakufa. Nikampigia shangazi, sasa alikuwa na simu yake.

"Shangazi, baba ametutoka."

Akauliza, "Mpiga picha ameshafika?"

Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu. Akakata simu. Nilipiga tena na tena, mke wangu akapiga kwa simu yake, haikupokelewa. Wazee wakakubali tungoje hadi alasiri. Kila basi lililopunguza mwendo nilitoka barabarani. Ulipofika wakati wa kumfunua uso watu wamuage, niliushika ule upindo wa sanda muda mrefu kuliko desturi, hadi mzee mmoja akanigusa mkono, akasema, "Inatosha, baba." Tukamzika bila dada yake.

Siku ya tatu akaja. Alishuka palepale aliposhuka siku ile, peke yake, bila unga, bila kilio. Alisimama kando ya barabara akatazama kwanza kibarazani. Kiti cha baba kilikuwa kitupu. Watu waliokuwa mikekani wakainuka.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. "Nipeleke," alisema.

Nikampeleka nyuma ya migomba. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, bado umelowa mvua.

"Kaka," akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "amka basi."

Akangoja. Hakuwa anasema vile watu wanavyosema makaburini. Alikuwa anangoja kweli, ameinamisha sikio, na mimi nimesimama nyuma yake nikitamani nife. Kisha akajifuta udongo kwenye kanga, akainuka, na kwa mara ya kwanza tangu afike akanitazama usoni.

"Haya, mwanangu," akasema. "Kaandike na hili."