Chumvi ya Asubuhi ya Soko

Shule mimi niliiachia darasa la tatu. Lakini miaka ile ya Zaire, ng'ombe wa milima ya Pepa walioliwa Kalemie wengi niliwauza mimi. Nilijiunga na masomo ya wakubwa parokiani ili nijisomee karatasi zangu bila kuomba mtu.

Mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja alileta daftari. Katekista wa zamani wa Mpala alikuwa ameandika humo masimulizi ya bibi wa huyo mama, aliyetekwa na wauza watumwa akiwa msichana. Mama mwenyewe alikuwa bado hawezi kulisoma. Jumapili wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake, na walikuwa wamesikia kwamba ule ni ukoo wa watumwa. Yeye alishika neno moja: bibi aliachiliwa njiani, akaolewa kama mutu huru.

Mwalimu akatusomea. Asubuhi moja, karibu na ziwa, bibi na wenzake walifunguliwa kamba shingoni. Wakapakwa mafuta, wakapewa chumvi walambe, kisha maji mpaka washibe. Wakacheka.

Mwalimu akafunga daftari, kidole kikiwa ndani. "Nini kitafuata? Mutuonyeshe na alama yake ndani ya masimulizi."

"Wanaachiliwa!" Mama akasema. "Kamba si imetoka?"

Darasa likampigia makofi.

"Hapana, Mama," nikasema. "Wanauzwa leo."

"Kumbe Papa ulikuwako?" Mama akaniuliza.

"Ng'ombe wangu njo vile ninawafanya siku ya soko. Chumvi asubuhi, kiu inashika, wanakunywa, tumbo linajaa. Mununuzi anaona mnyama munene."

Ukurasa ukageuzwa. Aliuzwa mchana uleule, kwa vitambaa viwili. Katika darasa zima niliyeona ni mimi peke yangu, na mwalimu simhesabu.

Mama akaomba daftari lake. "Sasa wote wamesikia, siwezi tena kusema ingine. Jumapili utakuja, Papa. Kinywa chako kilitangulia hapa, kitangulie na kule."

Nilivaa abakosti, suti yangu nzuri ya miaka ya Zaire. Niliwaeleza wakwe yote, hata ile chumvi, vizuri kuliko mwalimu. Binti alikuwa nyuma ya pazia. Baba wa kijana mposaji aligeuza glasi yake kichwa chini mezani, akaivuta bidoni, lile dumu la pombe walilokuja nalo, mpaka katikati ya miguu yake, kama mtu wa kurudi nalo.

"Papa, unaonaje?" Mama akaniuliza polepole.

Nikamwambia sijui.