Sombe bila mawese, siku ya moshi

Mujukuu wangu akiweka mafuta ya mawese kwenye sufuria yaungue mpaka yageuke meupe, mimi natoka nje. Si kwamba sipendi mawese, nimelelewa nayo, hata ngozi yangu nadhani imechukua rangi yake. Ni ule moshi. Unatoka kwa dirisha, munene, unakwaruza koo. Narudi kuwa mutoto, niko nyuma ya mulango wa jiko la mama, hapa hapa Kalemie, kando ya ziwa, wakati wa vita, na baba amepiga magoti mbele ya motere, injini ya kagari.

Nieleze kwanza ile motere, maana nikiwaambia watoto wa leo wanasema bibi anaota. Wazungu walikuwa na kiwanja chao kule kilimani, majani yamekatwa vizuri, wanapiga kampira kadogo kaingie katundu. Kazi ya baba ilikuwa kutunza kiwanja kile pamoja na kagari kadogo ka esanse, ile petroli, kasiko na milango, ka kubeba bwana munene asichoke kufuata kampira. Sasa muntu mwenye miguu mizima abebwe kufuata kampira! Haya, tuiache hiyo. Vita ilipofika, wazungu wakapanda meli, kagari wakamuachia baba. Baba akakaleta nyumbani, akakafunika mikeka, eti wakirudi wakakute kazima. Njo alivyokuwa.

Vijana wa vita walikafunua asubuhi moja. Wengine walikuwa wakubwa kidogo tu kuliko kaka zangu, bunduki zinawagonga visigino. Komanda wao alikuwa na kidonda muguuni, basi akakapenda kagari palepale: atazunguka muji bila kukanyaga chini. Baba akachukua bido, dumu la mafuta ya motere lililokaaga chini ya kiti cha kagari, akamimina ndani ya motere harakaharaka, wale vijana wamemusimamia shingoni. Akawasha.

Moshi! Kuku walikimbia, ziwa lenyewe hatukuliona tena. Komanda akakohoa mpaka machozi, kisha akaangalia juu. Siku zile ndege zilikuwa zinapita sana, na mahali penye moshi njo zilikuwa zinaangusha mabomu. Sisi wenyewe tulikuwa tunapikia makaa tu.

"Zima! Wee muzee, unaita ndege?"

"Hapana, Komanda. Motere ililala muda murefu."

"Ililala, ao wewe njo unataka kutulaza? Wazungu walikuachia kazi: ukituona, uwashe moshi."

Baba akaapa kwa kaburi la mama yake. Komanda akaketi juu ya kinu cha mama, akanyoosha mguu wake mubaya, akasema jua lisiingie kilimani moshi ukiwa bado unatoka. Hakusema atafanya nini. Jirani yetu, fundi wa redio, walikuwa wamemushusha ufukoni kwa sababu ya waya tu alioning'iniza juu ya nyumba. Muke wake alikuwa bado anamungojea.

Baba akaanza kutafuta ugonjwa. Moshi mweusi, alikuwa akituambia, ni esanse nyingi. Moshi huu haukuwa mweusi, kwa hiyo ni mafuta yanaungua ndani. Akafungua chujio la hewa, safi. Akatoa buji inayowasha moto, akaikuta imelowa, akaipangusa, akairudisha, akawasha. Moshi uleule. Nikamusikia anasema polepole, kama muntu anayesali, kwamba kama pete za pistoni zimekwisha, basi, maana pete zake zinatoka Ulaya. Nyuma ya mulango nikabana mapaja nisijikojolee.

Kitu kimoja: baba alikuwa muntu wa tumbako ya kunusa. Pua yake ilikufa zamani. Lakini wale vijana walikuwa na pua, na walikuwa na njaa.

"Eee, nani anakaanga mikate ya mafuta?" mumoja akauliza.

"Ni tumbo lako hilo."

"Kweli tena! Muzee, motere yako inapika?"

Wakacheka. Baba naye akacheka, bila kujua anachekea nini. Jikoni, mama akaacha kukoroga sombe, majani ya muhogo. Alisimama na mwiko mukononi, pua juu, na uso wake ukawa wa majivu.

Kisha akapakua. Bukari, ugali wetu, na sombe ya kijani kabisa, hata tone la mawese hakuna. Hapo niliogopa kuliko bunduki. Kwao mama, kule Mpala, mwanamuke akimupa bwana yake sombe kavu, ni shauri amemupelekea: kuna neno kati yetu, tafuta. Niliona mara moja tu, baba alipokosa kwenda kwenye kilio cha shangazi yake mama. Sasa leo? Siku baba anaweza kufa, mama anamuletea ugomvi kwenye sahani?

Mama akapiga magoti, akaweka sahani chini, karibu kabisa na lile bido. "Papa Feza, kula," akamuambia baba.

Kijana mumoja akachungulia. "Mama, hii sombe ya mbuzi! Mawese iko wapi?"

"Ilikwisha, mwanangu. Vita."

Baba akakata tonge, akatafuna, akaacha kutafuna. Akamutazama mama. Mama anatazama bido. Baba akachovya kidole penye mafuta ya motere, akakipitisha mudomoni kama anayejipangusa. Halafu akala. Akala yote, polepole, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akamurudishia mama kwa mikono miwili.

"Komanda," akasema, "mafuta haya yameoza. Munipatie kidogo ya kamyo yenu."

Wakaenda kutafuta kwenye lori lao. Ndege ikasikika upande wa Kabimba, tukalala chini wote, Komanda na kuku, ikapita. Baba akamwaga yale mafuta kwenye shimo chini ya migomba, akayafukia kwa mguu, akasuuza motere kwa esanse, akatia mapya. Jua lilikuwa limegusa kilima. Akawasha: moshi ukatoka munene uleule, halafu ukapungua, ukawa kama pumzi ya muntu asubuhi ya baridi, halafu hakuna. Komanda akapanda, akaondoka anacheka, na jogoo wetu chini ya kwapa.

Nilipokuwa karibu kuolewa njo mama alinieleza. Vijana walikuwa wanapekua majiko, na aliyewaficha chakula walimuita adui. Basi mawese yake ya mwisho aliyaficha ndani ya lile bido. Baba hakuambiwa, kwa sababu uso wa baba haukujua kudanganya. Mama angesema neno moja mbele yao, angeokoa bwana yake na kujichongea mwenyewe.

Siku hizi muganga amenikataza mawese, eti damu yangu inapanda. Binti yangu ananiletea sombe kavu, na kila mara namuuliza nimekosa wapi, tunacheka. Lakini sahani namurudishia kwa mikono miwili. Siku ile nilidhani baba anamuogopa mama. Alikuwa anamwambia asante, na bunduki zote zile hazikusikia.