Siku Nilipowekwa Eda

Jamani, chekeni kabisa kabla sijaanza, maana aibu hii nimeibeba tangu miaka ya sabini, na mpaka leo nikipita soko la Koboko kuna wazee wananiita Bwana Eda!

Mke wangu Kaltuma alimwazima kaka yake baiskeli yangu bila kuniuliza, nami hasira zikanipanda (baiskeli yenyewe mpya!), nikamtamkia talaka moja mbele ya majirani. Akafunga mizigo, akaenda kwa mama yake Arua. Jua halijazama nilishajuta. Sheikh akaniambia talaka moja ina rejea, madhali eda haijaisha nichukue mashahidi wawili, nitamke kwamba nimemrejea, basi, hakuna ndoa mpya wala mahari mapya. Mtu mwenye akili angedandia lori asubuhi yake. Mimi nikasema aa, acha anikumbuke kwanza, nitakwenda miezi mitatu ikikaribia kutimia, na nitakwenda kwa kishindo!

Nikawa naangalia mwezi angani kama mtu anayengoja Idi. Ule wa tatu ulipozeeka nikakodi wapiga doluka, ngoma yetu sisi Wanubi, nikachukua wazee wawili wa kushuhudia, nikavaa kanzu jeupe pepepe, na zawadi ya mama mkwe nikaipata mpakani Oraba, gunia dogo la sukari (siku zile sukari imeadimika, ukionekana nayo watu wanakuamkia mara mbili). Lori halikuwa na turubai, nami nimelikumbatia gunia nisiibiwe, mvua ikatunyeshea njia nzima. Tuliposhuka Arua kanzu linanata kifuani hadi magotini, na nyuki wote wa mji wameshapata habari!

Wapiga ngoma wakasema turudi. Nikawaambia pigeni! Tukaingia mtaani, mimi mbele, nusu nacheza nusu nafukuza nyuki, wanawake wanapiga vigelegele wakidhani ni harusi, na mlangoni kwa mama mkwe nikapaza sauti: "Kaltuma! Mbele ya mashahidi hawa, nimekurejea!"

Mama mkwe akatoka, akanitazama, akawatazama nyuki.

"Mukwe, wewe nafanya nini hapa?"

"Nakuja kurudisha muke wangu, mama."

"Muke gani? Eda iko imekwisha."

"Bado, mama! Miezi tatu bado! Angalia mwezi!"

Vigelegele vikageuka kicheko. Shahidi wangu mwenyewe, mzee Ramadhani, akanishika bega na kusema kwa sauti iliyofika mtaa wa pili, "Wewe nahesabu mwezi ya juu? Ile ni ya bibi muzee amekoma kuona siku yake! Huyu nahesabu siku ya mwili yake mara tatu, na neno iko ya yeye."

Mke nilikuwa naye, tamko moja tu lilitosha, nami nimempoteza kwa kuringa. Nikalia, ndugu zangu, nikalia mbele ya ngoma na mashahidi, na nyuki mmoja akaniuma sikioni hapohapo.

Ndipo nikasikia sauti ya Kaltuma dirishani.

"Kama wewe nataka mimi, leta posa kama mutu mwingine."

"Naleta leo!"

"Leo hapana. Mimi nilikaa eda. Sasa wewe pia kaa. Ikikwisha, kuja, na hii ngoma wacha Koboko."

"Itakwisha lini?"

"Mwenye kuhesabu iko mimi."

Mtaa mzima ukapiga makofi. Habari ilifika Koboko kabla yangu, na tangu nishuke kwenye lori watu wakawa wananiuliza kama naruhusiwa kutoka nje, kama naruhusiwa kupaka manukato. Nilikaa, wallahi! Nilipika mwenyewe, nilifua mwenyewe, na kila lori likitoka Arua nilikimbilia barabarani kuuliza kama nina salamu, nikiogopa siku moja nitaambiwa ameolewa.

Hatimaye dereva mmoja akashusha dirisha akacheka, "Bwana Eda, wanakuita!" Nikaenda kwa mguu wa adabu, kimya, bila ngoma. Akanikubali. Kuhusu mahari akataka kitu kimoja tu, ile baiskeli.

Talaka sijaitamka tena, hata kwa mzaha, na sitaitamka. Na shemeji akija kuazima baiskeli namwonyesha jikoni, aende akamwombe mwenyewe, kama mimi ninavyomwomba.