Mamba Ukutani kwa Mwalimu Haroub

Mwalimu Haroub hakuwa mtu wa kupendwa, wala hakujisumbua kupendeka. Mpemba huyu, aliyepanga chumba Ngamiani na kufundisha Historia shule ya Pongwe, aliingia kazini kila asubuhi kakunja uso utadhani kalambishwa shubiri. Kitu kimoja tu alikipenda bila kuona haya: ukuta wa nyuma wa darasa la kidato cha pili, alikobandika kazi za wanafunzi.

Aliamini mtoto hajifunzi historia kwa kunakili ubao. Mwonyeshe kazi ya mwenzake, nzuri na mbovu, kisha mwulize: huyu kajuaje haya? Kaacha nini? Ernesti, mkuu wa idara, aliuita huo upuuzi mtupu.

"Mtihani hauulizi bibi yako kasema nini," alimwambia mbele ya walimu wote. "Wape hoja wakariri. La sivyo, makaratasi yako nitayabandua mwenyewe."

Basi Haroub akawa anatafuta kazi moja tu ya kumfumba mdomo Ernesti. Akaipata kwa Jenifa, binti mkimya wa kambi ya mkonge. Darasa zima lilinakili kitabu. Jenifa peke yake ndiye aliyemhoji bibi yake. Aliandika jinsi babu yake mzaa baba alivyochukuliwa kutoka Songea, alivyolala chini na wenzake, alivyochomwa na miiba mpaka vidole vikapinda. Ila wale vibarua waliitwa manamba, kwa zile namba walizopewa, na Jenifa, kwa alivyosikia, kaandika mamba mwanzo hadi mwisho. "Mamba waliamshwa kwa kengele. Mamba akiugua, posho yake ilikatwa. Babu yetu alikuwa mamba hodari."

Mtu mwenye huruma angemwita mtoto pembeni akamrekebishia neno. Haroub alikuwa na ubishi, huruma hana. Alifunika jina, akazungushia kila mamba wino mwekundu, akaibandika katikati ya ukuta. Alitaka darasa lione kuwa kosa la neno haliharibu ushahidi. Darasa likaona mamba.

Walicheka huku wakipiga madawati. Jina limefunikwa, sawa, lakini nani asiyejua anayetoka kambini? Tangu siku hiyo Jenifa akipita, viganja vilifunguka na kujifunga kama taya. "Mamba huyo! Tokeni mtoni!" Haroub alifoka, na kila alipofoka walizidi.

Ndipo Hosea, baba yake Jenifa, alipotokea ofisini.

"Shikamoo, mzee," Haroub alisema.

Hosea hakuitikia. Walimu wote waliisikia ile shikamoo ikikosa marahaba yake, na wengine wakainamisha macho kwa aibu.

"Baba yangu aliitwa manamba kwa dharau mpaka anaingia kaburini," Hosea alisema. "Tukanyamaza, tukasomesha. Leo wewe, mwalimu mzima, umemtundika mwanangu ukoo wote uchekwe?"

"Mie sikukusudia hayo, mzee. Ile ndo kazi bora kupita zote. N'liibandika kwa kuwa n'liipenda."

"Ungeipenda, ungeisahihisha."

Ernesti alicheka kwa puani. Hosea akaenda darasani, akaibandua karatasi mbele ya watoto, akaikunja, akaitia mfukoni na kuondoka bila kuaga.

Haroub alitaka kumwomba radhi Jenifa. Badala yake alimsukumia karatasi tupu.

"Andika tena. Rekebisha lile neno moja tu. Mengine usiyaguse."

Jenifa akaandika. Hati safi, kurasa mbili: "Manamba walikuwa vibarua wa mkataba. Sababu za kuajiriwa kwao ni kama zifuatazo." Hoja zote zilitoka kwenye maelezo ya kukariri aliyowagawia Ernesti, kwa mpangilio ule ule. Hakuna kengele, hakuna Songea, hakuna vidole vilivyopinda. Haroub alitafuta kosa la kuzungushia, na kwa mara ya kwanza katika ualimu wake aliomba alipate. Hakulipata. Ernesti akachungulia begani kwake.

"Umeona? Sasa huyu atafaulu."

Haroub alimwita Jenifa, akamwekea karatasi mbele yake.

"Bibi yako yu wapi humu?"

Binti akamtazama usoni kwa macho makavu.

"Ibandike tu, mwalimu. Humo hamna mtu wa kwetu."