Popo wa Darini na Popo wa Mringaringa

Mtu akiniambia popo ni popo, namwomba anyamaze kwanza. Mimi Tabea, mke wa Yoeli wa Akheri, nimeonjeshwa uchungu na popo wa aina mbili, na mpaka leo kichwa changu hakijakaa sawa.

Yoeli mwenyewe hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na kihamba chake cha kahawa na migomba, ng'ombe wa zizini, na nafasi yake katika baraza la wazee wa kanisa. Alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimwambia mvua inakuja, atauliza umejuaje. Ukimpa ndizi, atauliza imetoka mgomba upi. Nilikuwa namwambia, "Baba Hanna, kula kwanza, utauliza ukishiba." Anacheka, halafu anauliza tena.

Mwaka huo, Mwingereza bado yuko bomani Arusha, kahawa ilizaa hasa. Binti yetu wa kwanza, Hanna, alikuwa ameposwa na Ndesanjo, seremala kutoka Machame, na arusi ilipangwa baada ya mavuno. Yoeli hakuwa na habari nyingine kinywani. Alitaka amshike binti yake mkono, amwingize kanisani, amfikishe mbele ya madhabahu. Jambo hilo alilitamani tangu mtoto anatambaa.

Basi asubuhi moja Ephraimu akaingia uani bila hodi. Ephraimu ni ndugu wa mume wangu, baba zao ni mtu na mdogo wake, na kihamba chake kinapakana na chetu. Kahawa yake mbivu, ile nyekundu kabisa, ilikuwa inapotea. Akatuvuta mpaka nyuma ya nyumba, chini ya mringaringa wetu mkubwa, akatuonyesha. Punje za kahawa zimetapakaa pale, nyeupe, zimeshakobolewa, bado zina utelezi.

"Kahawa yangu inakobolewa kwako, Yoeli," akasema.

Jamani! Mwizi gani anaiba kahawa, anaikoboa, halafu anaimwaga chini? Nilimuuliza hivyo hivyo usoni, akanigeuzia mgongo kama vile mimi ni kuku. Yoeli alikuwa ameinama, anageuza punje mkononi. Jioni kadhaa alikuwa ameona mabawa meusi yakiingia kwenye matawi ya mti ule.

"Hawa ni popo," akasema.

"Popo anakoboa kahawa?" Ephraimu akacheka kicheko kibaya, akaenda moja kwa moja kwa wazee wa kanisa.

Sasa sikia kosa. Sisi popo tuliowajua ni wale wa darini kwetu, walioning'inia juu ya stoo miaka yote. Yoeli akaona, popo si ndio hawa? Akapanda ngazi mchana, akamfunika mmoja kwa kikapu, na Jumapili baada ya ibada akambeba mbele ya baraza. Mwenyekiti wa wazee alikuwa Mzee Sumari, mtu mpole lakini akishika neno haliachi. Bwana shamba naye alikuwepo. Sadoki, kijana aliyesomea kilimo, na Yoeli alifurahi sana kumwona, maana alijua msomi atamtetea.

Sadoki akamkunjua yule popo taratibu. Masikio marefu kama ya sungura. Macho madogo kama ufuta. Katikati ya uso mfereji, utadhani mtu amempasua kwa kisu. Meno kama sindano, na mkia wote umeshonewa ndani ya ngozi inayounganisha miguu. Akamwekea tunda la kahawa mdomoni. Popo akaking'ata kidole cha Sadoki, tunda akaliacha lianguke.

"Huyu anakula wadudu," Sadoki akasema huku ananyonya kidole. "Anawasikia gizani kwa masikio haya. Kahawa hagusi. Ila wapo popo wengine..."

Nani alimsikiliza? Watu walikuwa wameshaangua kicheko. Mzee Sumari akainua mkono. "Popo ni popo, mwanangu. Umesema hali kahawa, tumesikia."

Yoeli alisimama pale na kikapu chake, anamtazama popo, anamtazama Sadoki. Wakamtenga siku hiyo hiyo. Na kwetu Walutheri aliyetengwa anaketi benchi la nyuma, hakaribii meza ya Bwana, wala hasimami mbele kwa jambo lolote, hata liwe arusi ya mwanawe.

Tulirudi nyumbani. Jioni akaniuliza, "Mama Hanna, inawezekana mtu akaiba na asijue?"

"Wee! Acha upuuzi."

"Punje zipo kwangu. Popo wangu hali kahawa. Sasa nani?"

Niliudhika mpaka nikamwaga maziwa.

Matangazo ya ndoa yakaanza kusomwa kanisani. La kwanza likapita, la pili likapita, na Yoeli yuko benchi la nyuma na watoto watukutu. Kisha akanijia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akasema atatubu ili arudi kundini.

"Utatubu nini?" nikamuuliza. "Umeiba?"

"Sijaiba."

"Sasa?"

"Wanataka neno moja tu, Mama Hanna. Nikilisema, nitamshika Hanna mkono."

Nilimkatalia. Nilimwambia Mungu si wa kuchezewa, nikalia, nikamnyima chakula. Hakubadilika. Jumapili akasimama mbele ya usharika mzima, mchungaji akamuuliza kama anakiri kwamba alichukua kahawa ya ndugu yake, naye akajibu, "Ndiyo." Wakamwombea, wakamshika mkono, kwaya ikaimba. Ephraimu mwenyewe akamkumbatia. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, sikujua kama nishukuru au nizame ardhini.

Arusi imebaki siku chache, Sadoki akatokea uani. Jambo lile lilimkera, akasema, hakumaliza maneno yake siku ile. Akafunga chandarua chake kikuukuu baina ya mringaringa na mgomba, na giza lilipoanza kuingia kitu kikajipiga humo, kikajisokota. Tukaleta taa.

Mungu wangu, kumbe nilikuwa sijawahi kumwona popo! Huyu alikuwa na uso wa mbwa mdogo, na pua nzuri tu, haina mfereji. Macho makubwa ya kahawia yanatutazama. Masikio mafupi ya kawaida, yenye kishungi cheupe kwenye mzizi wake. Mkia hana wa kuonekana. Sadoki akamkunjua bawa, akatuonyesha kucha kwenye dole gumba na kucha nyingine kwenye kidole cha pili, ambayo yule wa darini hakuwa nayo. Na shavuni amebeba kahawa. Alitafuna, akafyonza utamu, akatema punje nyeupe mkononi mwa Yoeli.

Yoeli aliruka kama kijana. "Mama Hanna, umeona? Umeona?" Kabla sijafunga mdomo alikuwa ameshachomoka na popo ndani ya chandarua, kumwita Ephraimu na Mzee Sumari. Nilitaka kumshika shati, nikachelewa.

Wakaja, wakaona, popo akatema tena mbele yao. Ephraimu akalia machozi, akaomba msamaha, wakashikana. Mzee Sumari akabaki ameshika taa, uso umemkunjamana.

"Basi hukuiba," akasema.

"Sikuiba, mzee."

"Na pale mbele ulisema uliiba."

"Mlinitaka niseme."

"Tulikutaka useme kweli, Yoeli. Umedanganya mbele ya madhabahu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyepotea njia anayeuliza wapita njia. Baraza likakaa, likavutana mchana kutwa, wengine wakimtetea, na mwisho likamtenga tena. Safari hii kwa uongo.

Siku ya arusi wageni wa Machame walijaa. Yoeli alimleta Hanna mpaka mlangoni mwa kanisa, kwani mpaka hapo aliruhusiwa. Ndani, hatua moja tu kutoka mlangoni, alikuwa anangoja Ephraimu, ambaye wazee walimteua asimame kama baba mdogo. Hanna akagoma kuvuka kizingiti.

"Baba, wewe umekosa nini hasa?" akamuuliza. "Nieleze nielewe."

Yoeli akafungua mdomo. Mtu aliyeuliza maswali maisha yake yote, leo kaulizwa moja na mwanawe, akatafuta jibu, akakosa.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Ingia, watu wanangoja."

Akautoa mkono wa Hanna kwake taratibu, akauweka katika mkono wa Ephraimu.