Sukari Guru ya Msafiri

Wewe unayesema safari ndefu ya melini ni raha, ulilala wapi ndani ya meli hiyo? Jibu hilo kwanza. Maana meli ni moja na bahari ni moja, lakini yuko aliyelala juu, chumbani, akaletewa chai kitandani na dirisha akafunguliwa aone samaki wanavyoruka. Na yuko aliyelala chini kwenye mbao tupu, baina ya masanduku na mbuzi, masizi ya makaa yakimwangukia usoni. Wakishuka, wote wawili huulizwa safari ilikuwaje, na wote wawili hujibu kuwa ilikuwa njema. Wa kwanza husema kweli. Wa pili ndiye mwenye kisa hiki.

Mwaka wa 1911, kusi likivuma na madirisha ya Malindi yakigonga kutwa nzima, Manilal alikuwa hawezi kukaa. Huyu alikuwa mdogo wake Tribhovan, mwenye duka la nguo na nafaka karibu na forodha. Asubuhi ile alimpimia mteja marikani akakosea, akapima tena akakosea tena, hata mteja akamwambia kwamba kama nguo haitaki kuuzwa basi aiache ilale. Manilal akacheka, akaweka mkasi, akatoka mpaka ufukweni, akatazama maji yaliyokuwa mekundu kwa tope la mto Sabaki, akarudi. Hajakaa vizuri, akatoka tena.

Kilichomhangaisha ni meli ndogo ya pwani, iliyotazamiwa kufika kesho yake. Mkewe, Kanta, alikuwa na mimba ya miezi saba, na kwa watu wao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke. Kanta ni mzaliwa wa Lamu. Lau baba yake hangalifunga duka lake na kurejea Kathiawar pamoja na mkewe, safari hii ingalikuwa jambo dogo, leo hapa na kesho pale. Lakini mama alikwisha hamia ng'ambo ya bahari, na desturi haikuuliza bahari imepanuka kiasi gani. Manilal angemfikisha Mombasa tu. Kutoka hapo Kanta angepanda meli kubwa ya Bara Hindi pamoja na jamaa ya Gokaldas, watu wema, lakini si watu wake.

Miaka miwili Manilal alikuwa akimsimulia mkewe uzuri wa meli kubwa. Alivuka akiwa mtoto, pamoja na kaka yake, na hadithi zake zilikuwa na pomboo, na nyimbo, na wazee wacheza karata, na nyota zilizojaa kama ufuta. Kanta alikuwa akizipenda. Sasa, tangu sanduku litolewe uvunguni, alikuwa akizirudia kwa maswali. Je, mtu hulala wapi? Choo kiko wapi? Mtu akiumwa, nani humuuguza? Manilal alijibu la kwanza nusu, kisha akakumbuka kazi dukani.

Adhuhuri aliingia Sidi, mwanamke wa Kigiriama kutoka Ganda aliyekuwa akiwaletea maziwa. Aliliona sanduku limefungwa kamba, akauliza nani anakwenda wapi. Alipoambiwa, aliushusha mtungi wake taratibu.

"Bwana Manilal," akasema, "ng'ombe wangu akikaribia kuzaa, mimi simvushi hata mto."

Manilal alimwambia kwa mzaha kwamba Wahindi si ng'ombe.

"Najua. Ng'ombe ana mwenyewe wa kumkataza."

Akachukua mtungi wake akaenda jikoni kwa Motiben.

Motiben alikuwa mke wa Tribhovan, na Manilal alimwita bhabhi, yaani mke wa kaka. Ndiye aliyemlea. Aliletwa Malindi akiwa msichana, akajifunza kuuza chumvi kwa Kigiriama kabla hajajua Kiswahili, akapika, akapepeta, akamfunga Manilal vidonda vya miguu na kumchapa alipokwepa hesabu. Mtoto wake mwenyewe hakuwa naye. Ilijulikana kwamba alikwenda kwao India kujifungua, mtoto akashikwa na homa huko, akafa. Hakulizungumza. Hakwenda ufukweni hata siku moja. Na honi ya meli ikilia bandarini, mara moja alipata kazi yenye kelele: kusugua masufuria kwa mchanga, au kutwanga pilipili ambayo haikuhitajiwa na mtu. Manilal alikua akisikia masufuria yale akidhani ni bidii.

Alasiri ilifanywa sherehe ya kumjaza Kanta mapaja, yaani kumwombea uzazi mwema. Wanawake wa maduka mengine walikuja na nguo zao za hariri, wakamkalisha juu ya kiti kifupi, wakamwekea mchele na nazi katika pindo la sari, wakamwimbia. Wanaume walikaa ukumbini, mlango ukiwa wazi, Manilal akiinuka na kukaa, akiinuka na kukaa.

Likabaki la mwisho, sukari guru. Kwa watu hawa, atokaye baharini, kabla hajavua viatu, hutiwa kinywani kipande cha sukari guru na kuulizwa safari ilikuwaje; naye hujibu neno tamu, kwani husemwa kwamba neno chungu hubaki majini likimngoja msafiri ajaye. Na aendaye hutiwa kipande na mwanamke aliyekwisha kuvuka, naye humwambia kuwa bahari ni tamu, atafurahi. Ndivyo uongo ule ulivyopita kinywa hadi kinywa, mama kwa binti, mavyaa kwa mkaza mwana, wala kati yao hapakuwa na mwenye nia mbaya. Kila mmoja alidhani anamlinda mwenziwe. Na wote walipanda.

Motiben ndiye aliyekwisha kuvuka. Akakitwaa kipande, akakipeleka kinywani mwa Kanta. Kanta hakufungua kinywa. Alimtazama juu, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu aulizaye bei:

"Bhabhi, ni raha kweli?"

Wanawake wakacheka. Motiben hakucheka. Mkono wake ulibaki pale pale hata sukari ikaanza kuyeyuka vidoleni, kisha akakirudisha kipande juu ya sinia.

"Siwezi," akasema.

Tribhovan alimwambia kutoka ukumbini ampe, wageni wanangoja.

"Mimi nilipewa," akajibu Motiben. "Nikala, nikaambiwa ni tamu."

Akasema yote hapo hapo, bila kupaza sauti, akijifuta vidole kwa ncha ya sari. Alisema kwamba alivuka katika kusi kama hili, na mahali pake sitahani palikuwa upana wa mkeka. Kila alfajiri mabaharia walimwaga maji kuosha mbao, na waliolala waliinuka na matandiko yao yaliyolowa. Wanawake walijizuia haja kutwa nzima wakingoja giza. Maji ya kunywa aliyachukua kutoka Malindi, ndani ya mtungi wa shaba, kwa sababu desturi ya kabila lake ilimkataza kunywa ya tangi lililochotwa kwa kikombe cha kila mtu. Mtungi ukapinduliwa na wimbi, na tangu hapo alikunywa alichobakiziwa na mwanamke wa kabila lake, funda kwa funda. Baada ya chakula, watu wa juu walikuja kuegemea reli wawatazame. Mmoja alitupa chungwa ili aone watoto wanavyogombania.

Uchungu ulimshika katikati ya bahari, si India wala si Afrika. Wanawake wasiomjua walimkingia shuka, na upepo ukawa unaichukua. Mtoto alikuwa wa kiume. Aliishi mpaka jua likapanda. Serahangi, mkuu wa mabaharia, alimfunga katika kitambaa cha tanga pamoja na kipande cha chuma cha kumzamisha.

"Meli haikusimama," akasema Motiben. "Nilidhani itasimama kidogo. Mama alinipokea, akanitia sukari guru kinywani, akaniuliza. Nikasema tamu."

Kisha akamgeukia mumewe. "Homa niliyokuletea habari yake haikuwako."

Tribhovan alikaa juu ya gunia la mchele. Wageni waliaga mmoja mmoja, wakitafuta viatu vyao kwa macho ya chini. Waliposalia wenyewe, alinena kwa ukali, kama mtu aliyeshika nguzo nyumba ikitikisika. Yaliyopita ni ya Mungu, akasema. Nafasi imeshikwa, jamaa ya Gokaldas wanangoja, mama wa Kanta anangoja. Akamgeukia mdogo wake. "Manilal, wewe ulivuka. Waambie."

Manilal hakuwahi kumpinga kaka yake hata katika bei ya kibiriti. Alihisi pomboo wake wote wakizama.

"Bhai, nilitapika njia nzima," akamwambia kaka yake. "Nililia nirudishwe. Wewe ndiwe uliyenishika kichwa. Tunajua sote wawili."

"Kila mtu hutapika."

"Kila mtu, na kila mtu akifika husema tamu."

"Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama!" Tribhovan aliinuka. "Hii ni nyumba ya mume. Akizalia hapa, watasema mama yake amemtupa. Hana mama huku. Basi." Akavaa kofia yake, akatoka kwenda kuwaagiza wapagazi waje mapema.

Jioni ile Manilal alikwenda ufukweni na kurudi, akaenda na kurudi, mchanga ukimpiga miguuni. Aliwaza kumficha mkewe. Aliwaza kuzitupa karatasi za safari majini. Aliwaza mengi ya kishujaa, na kila aliporudi mlangoni alikuta kikohozi cha kaka yake ndani, ushujaa ukamwisha. Kanta alikuwa amelifungua sanduku tena na kulipanga upya.

"Nikiogopa, niseme naogopa?" akamuuliza. "Au nalo ni neno chungu?"

"Sema."

"Naogopa."

Manilal aliketi sakafuni karibu na sanduku.

Asubuhi alipoamka, meko ilikuwa baridi. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu akumbuke. Alitoka nje. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia nyembamba mbele ya duka ilikuwa tope tupu. Ng'ambo ya njia hiyo kulikuwa na ghala ya Tribhovan, iliyofungwa siku zote kwa kufuli. Leo mlango wake ulikuwa wazi. Magunia ya ufuta yalipangwa nje chini ya upenu, yamefunikwa turubai. Sidi alikuwa akitoka kinyumenyume, mikono imejaa udongo na samadi mpaka viwikoni. Sakafu nzima ilikuwa imekandikwa upya na bado inang'aa kwa maji. Kizingiti kilichorwa maua kwa unga wa mchele. Ndani, juu ya mkeka, alikaa Motiben, amejifunika kichwa, na ubavuni pake mtungi mkuukuu wa shaba wenye kibonyeo tumboni.

Tribhovan alitoka, akaona mali yake nje, akauliza nini hii.

"Nyumba ya mama," akajibu Motiben kutoka ndani. "Umesema hana huku. Amepata. Kwako nitakuja mchana kukupikia, usiku nalala hapa na binti yangu mpaka azae."

Honi ya meli ikalia bandarini. Manilal alimtazama bhabhi yake kwa desturi ya miaka yote, akingoja ashike sufuria asugue. Motiben hakushika kitu. Aliisikiliza honi mpaka ikanyamaza.

Wapagazi walifika, wakalibeba sanduku, wakasimama wakingoja amri. Tribhovan alitazama upande wa bandari, akautazama mtungi. Kile kibonyeo alikuwa akikiona kila siku jikoni na hajapata kukiulizia. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Pelekeni pale," akawaambia, akinyoosha kidole ng'ambo ya njia.

Manilal akapiga hatua kulifuata. Kaka yake akamkamata mkono.

"Wewe hapana. Mume haendi kwa mama wa mkewe mpaka aitwe."

Ikawa hivyo. Manilal alisimama penye mlango wa duka, na Kanta akavuka bila yeye, mchele na nazi za jana zikiwa katika pindo lake, mkono mmoja begani kwa Sidi, akichagua pa kukanyaga. Katikati aliteleza kidogo, na Tribhovan, asiyejua kwamba anatazamwa, akanyoosha mikono kana kwamba angeweza kumdaka akiwa kule aliko.

Motiben aliinuka akasimama kizingitini. Alikuwa na kipande cha sukari guru. Akamtia Kanta kinywani kabla hajavua viatu, akamuuliza kama inavyotakiwa:

"Safari ilikuwaje, mwanangu?"

Kanta alitafuna, akaitazama miguu yake.

"Ina matope," akasema. "Na niliogopa kuanguka."

"Kweli," akasema Motiben, akainama na ule mtungi wa shaba kumwosha miguu.